Ninavyotafuta Asili ya Misimu ya Kiingereza: Ninaanza na Tarehe

Kazi yangu ni kutafsiri tamthilia za Kiingereza, yaani yale maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya picha, na hakuna kilichonitoa jasho katika kazi hiyo kama misimu, yaani lugha ya mitaani, ya watu wa London. Ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu, na inaniudhi kuona vijana wanaoingia katika kazi hii bado wanapewa huohuo. Kaka mmoja aliyenitangulia kazini aliniambia, "Mdogo wangu, neno la Kiingereza likikushinda, tafuta herufi zake zinasimamia nini," kisha akanirushia orodha ndefu kwa WhatsApp. Orodha ilidai kwamba "golf" ni kifupisho cha tangazo la kuwazuia wanawake wasicheze, kwamba "news" ni herufi za mwanzo za pande nne za dunia, na kwamba "tip", ile bakshishi ya mhudumu, ni ufupisho wa maneno ya kuhimiza huduma ya haraka. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya "posh", neno la mambo ya kifahari, ambalo eti ni "port out, starboard home". Ati neno hilo lilipigwa mhuri kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na Bara Hindi, waliopewa vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na vya kulia wakati wa kurudi ili jua lisiwachome.

Hadithi zote hizo ni tamu na hakuna hata moja iliyo ya kweli. Badala ya kuzipokea, mimi hutanguliza swali moja: neno hili limeonekana lini katika maandishi kwa mara ya kwanza? "Golf" imo katika sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 1457 iliyoupiga marufuku mchezo huo, ilhali mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ulishamiri katika karne ya 20. "Tip" ilikuwa lugha ya wezi wa Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 17, kwa maana ya kumpa mtu kitu. "News" ni mambo mapya tu, kivumishi kilichotiwa alama ya wingi. Ama "posh", haijapatikana tiketi hata moja yenye mhuri huo, na katika karne ya 19 neno hilohilo lilikuwa la mitaani kwa maana ya pesa, baadaye likatumika kwa mtu mtanashati.

Swali hilohilo huweza pia kuithibitisha hadithi inayosikika kama uzushi. "OK" kweli ni herufi za mwanzo. Ilichapishwa katika gazeti la Boston tarehe 23 Machi 1839, wakati waandishi wa magazeti walipokuwa wakijifurahisha kwa kufupisha maneno yaliyoandikwa makosa kwa kusudi, hapa "oll korrect" badala ya "all correct", na mwaka uliofuata ikapata nguvu kwa sababu wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa Kinderhook aliyeitwa kwa utani "Old Kinderhook", waliifanya kuwa kaulimbiu ya kampeni. Aliyeyafichua hayo katika miaka ya 1960 ni Allen Walker Read, ambaye alipekua magazeti ya zamani bila kuchoka. Namheshimu sana mtu huyo.

Fundo gumu zaidi lilikuwa misimu ya vina ya mashariki mwa London, na hapo ndipo ninapojivunia. Mhusika mmoja, fundi mzee, alimwambia mwenzake "use your loaf, me old china". Kamusi ya kawaida ilinipa mkate na vyombo vya kaure, na sentensi ikabaki bila kichwa wala miguu. Siri yake ni kwamba wasemaji huchukua fungu la maneno linalofanya kina na neno wanalolikusudia, kisha hukata sehemu yenye kina na kubakiza ile isiyofanana nalo hata kidogo. Kwa hiyo mimi hurudi nyuma: nauliza neno lililobaki huandamana na nini, kisha natafuta kina cha huyo mwandani aliyefichwa. "Loaf" huandamana na "bread", kina chake ni "head". "China" huandamana na "plate", kina chake ni "mate". Fundi alikuwa akisema, "Tumia kichwa, sahibu." Njia hiyohiyo ilinifungulia "butcher's", ambayo hupitia "hook" mpaka "look", na "porkies", ambayo hupitia "pies" mpaka "lies". Tangu hapo sikariri orodha za misimu.

Aliyekulia pwani ana mtaji mwingine. Sisi tulizungumza kinyume utotoni ili wakubwa wasitufahamu: "nyumba" ikawa "mbanyu". Wachuuzi wa London walikuwa na mchezo wa namna hiyo, ila wao waligeuza herufi badala ya silabi, na ndiyo maana kijana mkorofi akaitwa "yob", yaani "boy" kutoka nyuma. John Camden Hotten aliyakusanya maneno ya aina zote mbili, ya vina na ya kugeuzwa, katika kamusi yake ya misimu ya mwaka 1859.

Kwa gharama usihofu. Kamusi kubwa ya misimu ya Jonathon Green inasomwa bure kwenye intaneti, kwa hiyo unalipia bando tu, na kamusi kuu ya Oxford, ambayo ni ya kulipia, unaweza kuiomba kupitia maktaba ya chuo. Jihadhari tu na ukurasa wowote unaokupa hadithi bila mwaka.

Tarehe ina kazi nyingine ambayo sijaona wengi wakiijali, nayo ni kuchagua neno la Kiswahili. Yule fundi ni mtu wa miaka ya 1940, ndiyo maana nilimpa "sahibu". Mkurugenzi alitaka "mshikaji", tukabishana mchana kutwa, na "sahibu" ndiyo iliyorushwa hewani.