Jinsi tulivyoendelea kusafisha damu Houston ilipokosa stima

Mimi ni muuguzi wa dayalisisi, yaani kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa mashine, huko Houston, Texas. Kimbunga Beryl kilitua alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, na wateja zaidi ya milioni 2 wakabaki bila stima, wengine kwa zaidi ya wiki. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hawezi kungoja hivyo.

Kilichotusaidia zaidi tulikifanya kabla ya upepo. Utabiri ulipoonyesha kwamba kimbunga kinakuja Texas, tuliwaita wagonjwa wa Jumatatu waje Jumapili. Baadhi yao hawakutaka kukosa ibada. Niliwabembeleza kwa simu, mmoja mmoja. Baada ya kimbunga Sandy kupiga New York mwaka 2012, watafiti walikuta kwamba waliosafishwa mapema walilazwa na kufa kwa uchache kuliko wenzao.

Siku zilizofuata tulitegemea jenereta. Watu hudhani jenereta ikishanguruma kazi imeisha, kumbe kuna suala la maji. Mgonjwa akikaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, hutumia takriban lita 120, na yote lazima yachujwe. Fundi alipima klorini kwanza. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita hatuanzi, maana huvunja chembe nyekundu za damu. Daktari aliruhusu tupunguze muda ili wengi wapate nafasi.

Mara moja jenereta ilizimika watu wakiwa kwenye mashine. Betri huzungusha damu kwa dakika chache tu, kwa hiyo nilishika mpini wa pampu nikazungusha kwa mkono, polepole, macho yangu kwenye mrija nisije nikapitisha hewa, mpaka damu ikarudi mwilini. Ikigandia njiani, mgonjwa ameipoteza.

Walionikosesha usingizi ni waliokwama nyumbani kwenye joto lile. Nilimpigia mzee mmoja Mkongo, mkimbizi anayeishi peke yake.

"Mzee, umekula nini leo?"

"Ndizi tu, mwanangu. Jiko ni la stima, nitapika na nini?"

Nilishtuka. Ndizi ina potasiamu nyingi, na potasiamu ikijaa kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Nilimwambia aziache kabisa, ale mkate mweupe na jamu, na kiu ikimzidi asukutue mdomo badala ya kunywa, maana figo zake haziwezi kutoa maji ya ziada. Kesho yake jirani alimleta, tukampa kiti cha kwanza.

Sasa kila mgonjwa wangu ana karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: uzito wake mkavu (yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa), dawa anazotumia, mashine yake inavyopangwa, na simu za vituo vingine viwili. Tukifungiwa na kimbunga kingine, ataingia kituo chochote na wauguzi wa huko watajua pa kuanzia.