Mjomba na disko lake

Jana usiku barazani kwa mjomba, hapa Malindi, kaweka "I Feel Love" ya Donna Summer kwenye spika. Sisi tukaangua kicheko: "Mjomba, muziki gani huu wa kizamani?" Hakujibu. Kakaza kikoi, akaanza kucheza, na goti lake bovu lile!

Nyimbo ya 1977 hiyo. Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliitengeneza karibu yote kwa sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti. Hizo densi za kompyuta tunazoringia zina deni kubwa hapo. Mwaka 1979 kule Chicago watu walilipua santuri za disko uwanjani, eti wanaizika. Mji huohuo ndio ukazaa hausi, muziki wa densi uliotokana na disko!

Nami nilikuwa naidharau disko, nakiri. Leo magoti yananiuma mimi, mjomba mzima kaenda zake sokoni.