Siku yangu na stadi nne zilizogoma kwenye Land Rover ya mwalimu

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu mana usiku nimelala nikiziwaza zile stadi, vile vyuma vyenye uzi vinavyoshikilia menifoldi kwenye engine. Jana wakati nafunga gereji nilizimwagia mafuta mara ya tatu, nikazifunika na kitambaa kilicholoa, nikaondoka. Kuna kazi fundi ukilala na yenyewe inaendelea.

Gari ni Land Rover Series III ya petroli, engine ya sisi (cc) 2,286, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ya mwalimu mstaafu kule Mikindani, imekaa chini ya mkorosho miaka sita, na Mikindani mnaijua, bahari iko pale pale na upepo wake una chumvi. Gasketi (kizibo chembamba) ya menifoldi ya egzosi, lile bomba linalokusanya moshi wa engine, imeungua, moshi unaingia mpaka kwenye kabini. Kubadilisha gasketi yenyewe ni kazi ya nusu saa. Kuzitoa nati za menifoldi ndo kazi ya siku.

Saa 12 na nusu. Chai na ming'oko ya jana iliyobaki, chumvi kidogo, basi. Bodaboda mpaka gereji, Magomeni ya hapa Mtwara.

Saa 1 na nusu. Dogo kashafagia na kashafungua boneti, afu namkuta ameshika spana namba 13 anataka kuanza. Nikamwambia acha hiyo weka chini! Hapa ndo magari haya yanapoharibiwa, kwa kweli inaniuma. Bolti za gari hili ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 13 inaingia, unaona imekaa sawa, kumbe ina nafasi, na nati ikiwa imegoma ukivuta inakula kona zote, hapo sasa umebaki na kitu cha duara. Nikamletea spana za baba, zile za inchi, bado ziko kwenye gunia lake la unga alilokuwa anazifungia, nikamwonyesha 7/16, 1/2, 9/16. Na kwa nati iliyokula kutu unatumia spana ya boksi la kona 6, la kona 12 linashika kwenye ncha tu.

Saa 2 na nusu. Brashi ya waya kwanza. Stadi ina uzi uliotokeza nje ya nati, ule uzi ukiwa na kutu unairudisha nati juu ya uchafu, inakwama katikati na unakata stadi bure. Tumesugua mpaka chuma kikang'aa, tukatia tena mafuta. Mchanganyiko wangu ni ATF, yale mafuta ya gia boksi ya otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu, asetoni naipata kwenye maduka ya vipodozi, ile ya kutolea rangi ya kucha. Havikai pamoja kwa hiyo unatikisa kila ukitaka kutia, na usiweke kwenye chupa ya plastiki ovyo. Afu nyundo ndogo, unagonga kichwa cha stadi taratibu, ti ti ti, hata dakika tano. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndo mana inabana hivyo kwenye nyuzi, sasa ule mtikisiko unaipasua na mafuta yanapata njia.

Nyingi zilitoka kwa adabu. Nikabaki na nne.

Saa 4. Ya kwanza kati ya nne: nikaikaza kidogo kwanza, ndiyo, kukaza, kama unywele tu, ikalia "kak!" afu nikarudisha. Robo mbele, nusu nyuma, tia mafuta, robo mbele. Imechukua dakika ishirini na imetoka nzima. Dogo akauliza kwa nini tusiweke bomba kwenye spana tuvute mara moja, nikamwambia bomba linakupa nguvu lakini linakunyima habari, mkono unatakiwa usikie chuma kinavyoanza kujipinda kama mpira, ukisikia hivyo acha hapo hapo.

Saa 5. Ya pili na ya tatu zimetaka moto. Kabureta nilishaitoa jana, petroli tumeitoa na dumu liko nje kabisa, asetoni nikafuta yote nikasubiri ikauke mana inawaka vibaya, ndoo ya mchanga pembeni. Unachoma nati, stadi usiiguse na moto, ile nati ndo itanuke iachie. Ikawa nyekundu iliyofifia, nikaondoa moto, nikagusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikanywewa ndani ya nyuzi yenyewe. Mpaka leo kitu hicho kinanifurahisha kukiona. Zote mbili zimetoka. Hedi ya Land Rover hii, sehemu ya juu ya engine stadi zilipoingia, ni chuma cha kalibu, inavumilia. Peugeot 504 hedi yake ni aluminiamu, inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 660 na haikuonyeshi wekundu kwanza, pale huwezi kuchoma kwa uhuru huo.

Saa 6 mchana. Mzee akaja.
"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba binti, mgonjwa anaendeleaje?"
Nikamwambia imebaki moja. Akavuta kiti akakaa, na mimi sijui ni kuangaliwa au ni njaa, nikaharakisha. Sikuipa moto wa kutosha. Ile stadi ikawa laini mkononi, nikajua, nikataka kuacha, ikakatika. Imekatikia usawa wa hedi kabisa.

Nilikaa chini. Mzee hakusema kitu, akanyamaza muda, afu akasema, "Gari hili lilimpeleka mama yake wanangu hospitali ya Ligula watoto wote watatu." Basi.

Saa 7. Swala, wali na samaki, sikula sana.

Saa 8. Jirani akashauri tutoboe tuweke ile skrubu ya kung'olea. Nimekataa. Ile skrubu ni chuma kigumu sana, na stadi iliyogoma nati ikiwa nzima haitatoka kwa kijiti chembamba, ikikatikia ndani hakuna drili yetu hapa itakayoitoboa. Nikamwita kaka anayechomelea mageti ng'ambo ya barabara.

Saa 9. Tumefungua waya wa hasi wa betri, tumepanga vifaa, umeme ukakatika. Tumekaa saa nzima na nusu.

Saa 10 na nusu umeme umerudi. Washa (ile pete ya chuma) kwanza juu ya kile kipande cha stadi, nati juu ya washa, kaka anajaza katikati kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5. Mara ya kwanza nati imeng'oka peke yake. Tukasafisha. Mara ya pili kajaza polepole, nikawazuia wote wasiguse mpaka wekundu uishe, nikapaka mshumaa. Spana. Kukaza kidogo... ikalia. Nikarudi, nikaenda, nikarudi, mzee kasimama nyuma yangu nasikia anavyohema. Imetoka yote na uzi wake, ndefu kama kidole. Nimempa mzee mkononi ikiwa bado ya moto, akairusha kiganja hiki kiganja hiki anacheka kama mtoto.

Saa 11 na nusu jioni. Tepu, kile chuma cha kusafishia nyuzi, kwenye matundu yote, kwa mkono, na mafuta, mzunguko mmoja nusu kurudi. Dogo kashika ya mwisho mwenyewe, kafanya vizuri. Spana za baba nimezihesabu zote nikazirudisha kwenye gunia.

Kesho naenda kunyoosha uso wa menifoldi kabla ya gasketi mpya. Pale inapokutana na bomba la egzosi nataka nati za brasi, zile za njano, hazigandi na kutu kwenye stadi, anayekuja baada yangu asiteseke. Nahitaji tatu za inchi. Mwenye nazo hapa Mtwara mjini au Masasi aniambie, nauli ya bodaboda nalipa mimi.