Samaki wapya wanakufa? Tizama maji kabla hujamlaumu muuzaji

Swali nnaloulizwa kuliko jengine lolote kuhusu matangi ya samaki ni hili: nimenunua samaki wazima kabisa, wanacheza, nimewatia tangini, siku ya tatu wamekufa, kwa nini? Na mara nyingi mtu anauliza huku hukumu ameshaitoa, kauziwa wagonjwa. Inatokea kweli, wapo samaki wanaouzwa hoi, lakini kwa nnavyoona mie mara nyingi zaidi samaki alikuwa mzima na kilichomuua ni maji aliyotiwa au mwenzake aliyewekwa naye. Hapa Unguja na Pemba tunaweza kufuga samaki wa mapambo wakaishi miaka, sharti tu tuanze kuchagua samaki wanaoyapenda maji yetu, si samaki tuliowapenda kwenye picha.

Juzijuzi nilikwenda kumtizamia tangi mzee mmoja jirani hapa Fuoni. Tangi zuri, kioo kinang'ara, maji meupe pee, filta inafanya kazi. Samaki waliobakia wote wapo juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio na ukichungulia ndani yamekuwa mekundu kama yaliyoungua. "Kijana, hawa nimeuziwa wagonjwa hawa," akanambia. Nikateka maji kwenye kichupa cha kipimo, nikatia matone, tukasubiri. Yangekuwa salama yangebaki manjano, yakaanza kugeuka kijani palepale tunayaangalia. "Ami, hii amonia." "Amonia ya nini na maji masafi haya?"

Basi ndo hapo penyewe. Amonia ni sumu, na haionekani. Samaki anaitoa kupitia mashavuni kila anapopumua, na kinyesi chake na chakula kilichobaki chini vinaoza na kutoa amonia vilevile. Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga, kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi jengine linaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo madhara yake ni madogo na unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huwanunui pamoja na tangi, wanajijenga wenyewe taratibu, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6. Sasa mtu ananunua tangi Ijumaa, Jumamosi anatia samaki 15 kwa mpigo, amonia inapanda na hakuna wa kuila, mpaka Jumatatu watoto wanalia.

Na sisi hatari yetu ni kubwa zaidi kuliko wanavyoandika wenzetu wa nchi za baridi, mana nguvu ya amonia inategemea joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, chini ya 7 yana asidi, juu ya 7 ni kinyume chake. Kwenye maji ya pH 7 ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1, lakini kwenye pH 8 na joto la digrii 30 inafika kama asilimia 7. Na maji yetu ndo hayo hayo ya pH ya juu. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, mvua inapenya humo na kubeba chokaa mpaka kisimani. Ukitaka ushahidi chungulia chini ya birika lako la umeme, ule ukoko mweupe ndo chokaa yenyewe. Joto nalo linapunguza hewa, maji ya digrii 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya digrii 30 hayafiki hata 8. Kwaiyo pampu ya hewa kwetu ni lazima, na umeme ukikatika uwe na ile pampu ndogo ya betri, au uchote maji kwa kopo uyamimine kutoka juu kila baada ya muda, inasaidia kweli.

Njia ya kulikomaza tangi haina gharama, inataka subira tu. Washa filta bila samaki, tia chakula kidogo kila siku kama vile samaki wapo ili amonia itokee na bakteria wapate cha kula, pima mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani muombe kipande cha sponji yake chafu, hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki, inapunguza muda sana. Afu tia samaki wawili watatu, subiri wiki mbili, ongeza wengine. Na tafadhali sponji ya filta usiioshe kwa maji ya mfereji yenye klorini, utawaua wale wale uliowangojea wiki zote, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya mfereji yakinuka dawa yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla hujayatia.

Haya, samaki gani sasa. Neoni tetra na diskasi asili yao ni mito ya Amazon, maji laini yenye asidi, na hapa tunawatia kwenye maji ya chokaa. Wanaozalishwa mashambani wanastahimili kidogo, diskasi hata hivyo simshauri mtu. Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi, digrii 18 mpaka 23 ndo raha yake, chumba chetu cha mwezi wa pili ni 30, na anachafua maji kuliko wengi, halafu anauzwa na kibakuli! Hilo linaniuma kila nikiliona.

Wanaotufaa ni gapi, plati na moli, hawa chokaa ndo wanaitaka, na moli hata maji ya visima vya pwani vyenye chumvichumvi anayavumilia. Gapi weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo dume atamkimbiza jike mmoja mpaka afe kwa kuchoka. Wapo pia sikilidi, ukoo mmoja mkubwa wa samaki, wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wa nchi yetu hii hii, pH 8 kwao ni nyumbani kabisa. Lakini mbuna, wale sikilidi wa Nyasa wanaoishi kwenye mawe, ni wagomvi, wanataka mawe mengi ya kujificha na tangi lao peke yao, usinichanganyie na gapi.

Na kuchanganya ndo muuaji wa pili. Taiga babi anatafuna mapezi marefu, ukimuweka na enjelifishi au beta utakuta asubuhi mapezi yamebaki nyuzi. Enjelifishi mwenyewe akikua anawala neoni. Oska unamnunua saizi ya kidole, anafika sentimita 30, na kila kinachoingia mdomoni kinaliwa. Beta madume wawili hawakai tangi moja, hilo halina majaribio. Ukienda dukani usiulize bei kwanza, uliza anakua kiasi gani, anataka maji gani, anakaa na nani.

Nna samaki mmoja nnayetamani kila mfugaji wa Unguja amjue, Nothobranchius guentheri. Porini ni wa kisiwa hiki hiki tu. Anaishi kwenye vidimbwi na mabonde yanayokauka, maji yakiisha wazazi wanakufa, mayai yanabaki hai ndani ya tope mpaka mvua zirudi. Dume ana mkia mwekundu na magamba ya buluu yanayometa, jike wa rangi ya majimaji tu. Muweke tangi dogo la peke yake, majike wengi kuliko madume. Na usimwage gapi zako kwenye mabonde eti watakula mbu, wanakwenda kumbana mwenyeji huyu pale alipo.

Siku ya kuwaleta nyumbani, hasa waliokuja na boti kutoka Dar wamefungwa tangu alfajiri, kuna jambo wengi hawaambiwi. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua, kaboni dioksaidi inashusha pH, na amonia iliyomo inakuwa haina ukali. Ukifungua tu ile gesi inatoka, pH inapanda, amonia inakuwa sumu na samaki bado yumo. Kwaiyo mfuko uelee umefungwa dakika 15 mpaka 20 joto lisawazike, ukishafungua usikae nao masaa, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda mfupi, mchote samaki kwa wavu, maji ya mfuko mwaga chooni, yasiingie tangini hata tone. Ukiweza watie kwanza kwenye ndoo kubwa au tangi la pembeni wiki 2 mpaka 4 na kipande cha sponji iliyokomaa, uangalie kama watatoka vidoa vyeupe kama punje za chumvi, mana ugonjwa huo ukiingia tangi kubwa unawapitia wote. Usiku wa kwanza zima taa na usiwape chakula, asubuhi wape kidogo tu.