Maduara manne yaliyojazwa wino

Juzi, hapa Kampala, niliketi na baba yangu mbele ya mshauri wa vinasaba, yaani jeni tunazorithi kwa wazazi, naye akachora ukoo wetu kwenye karatasi: mraba kwa kila mwanamume, duara kwa kila mwanamke, na duara la kila aliyeugua saratani ya matiti akalijaza wino. Upande wa baba yalijaa manne, la mwisho likiwa la shangazi tuliyemzika Masaka akiwa na miaka 41. Miaka yote hiyo jamaa walisema ni mkosi.

Nilimkumbuka Mary-Claire King, mtaalamu wa jeni wa Marekani, aliyeanza kusaka chanzo cha saratani hiyo katikati ya miaka ya 1970, wakati wanasayansi wengi hawakuamini kwamba jeni moja ingeweza kubeba hatari kubwa kiasi hicho. Alifuatilia familia baada ya familia, hata mwaka 1990 akaonyesha kwamba jeni iliyokuja kuitwa BRCA1 imo katika kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Subira hiyo naiheshimu mno.

Ningependa ndugu zangu waelewe kwamba mwanamume mwenye kasoro katika jeni hiyo, hata asipougua kamwe, anaweza kuirithisha, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, akiwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuipata. Baba alisikiliza kimya, akakunja mkono wa shati lake taratibu, kisha akamwambia mshauri, "Mwanangu, anza kunipima mimi."