Mistari ya Njano

Sehemu ya namba ya akaunti ndiyo iliyotuangusha. Kwenye bango tuliandika namba ya Paybill, ile ya kupokelea malipo ya M-PESA, kwa tarakimu kubwa, na chini yake: "Akaunti: KARO". Watu wakatii. Jumanne ile, tarehe 28 Novemba 2023, kila mchango ulioingia ulikuja na KARO, karo, Karro, na mmoja, Mungu ambariki, KAROTI. Kufika usiku wa manane tulikuwa na miamala 318, na zaidi ya nusu hatukujua ni ya nani.

Tulikuwa watu wanne katika ofisi ya chumba kimoja, Mombasa, tukiendesha mfuko wa karo. Matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ile ya mwisho kabisa, yalikuwa yametoka siku tano kabla. Shule ya bweni ya kitaifa ilitoza shilingi 53,554 kwa mwaka, na nusu yake hulipwa muhula wa kwanza. Kwa hiyo mtoto mmoja alihitaji 26,777 kabla ya Januari, na orodha yetu ilikuwa na watoto 12. Hesabu hiyo tuliiweka wazi kwenye bango, na bado naamini ilisaidia kuliko picha yoyote ya mtoto mwenye huzuni. Mtu akijua pengo ni 26,777, mia tano yake inapata mahali pa kukaa.

Siku yenyewe tuliiazima. Jumanne ya Kutoa (Giving Tuesday), siku ya kuhimiza watu wachangie, ilianzia New York mwaka 2012, katika kituo cha 92nd Street Y, na huwa Jumanne inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Sisi tuliifuata kwa sababu ya ndugu zetu walioko huko. Hapa Pwani wengi hawakuwa na habari nayo; waliitikia kama wanavyoitikia harambee. Na mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimezamisha nyumba za watu, kila kundi la WhatsApp lina mchango wa magodoro na unga. Tulifikiria kuahirisha. Tukaona shule hazitaahirisha.

Balaa la kwanza lilikuja saa mbili asubuhi. Tulinunua SMS 1,500 kwa watu 900, tukajiona tuna akiba. Kijana wetu wa mawasiliano, kwa nia njema tu, akaongeza alama ya moyo mwishoni. SMS ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70, na ukigawanywa kila kipande hubaki na 67. Ujumbe wetu ulikuwa wa herufi 140. Ukawa SMS tatu kwa kila mtu. Salio likaisha kwenye mtu wa 500, na orodha ilipangwa kwa alfabeti. Kina Mwanaisha, Omar, Salim, Swaleh na Zainab wote hawakupata kitu. Orodha ya Mombasa inayokatika kwenye M ni nusu ya mji!

Tukakimbilia WhatsApp, ile orodha ya kutuma kwa wengi, inayobeba watu 256 kwa mara moja. Nayo ina sharti lake: asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake haupati ujumbe. Wachangiaji wengi hawakuwa wametuhifadhi. Kwa nini watuhifadhi, kama tunawatafuta mara moja kwa mwaka?

Usiku mhasibu akapakua taarifa ya Paybill. Akanyamaza kwanza, kisha akaniita.

"Dada, njoo uone. Hawa watu tutawashukuru vipi?"

Namba za simu zilikuwa zimefunikwa nyota katikati. Sina ugomvi na hilo. Faragha ya mlipaji ni haki yake. Kosa lilikuwa letu, kutegemea namba ambazo hatukuwa na ruhusa ya kuzichukua, na kuijaza neno moja ile nafasi pekee ambayo mtu angeweza kutuandikia jina lake. Na hata jina lililoonekana halikuwa la kuaminika sikuzote. Aliyeko Ohio alimtumia shemeji yake wa Likoni, shemeji akalipa. Ukimshukuru shemeji, umemkosa mtoaji.

Jumatano tulianza kutafuta. Tulipeleka ujumbe kwenye kila kundi: ukichangia jana, tutumie ule ujumbe wa M-PESA pamoja na jina la anayestahili shukrani. Kila muamala una namba ya herufi na tarakimu kumi, haijirudii, kwa hiyo kuoanisha ni kazi ya sekunde chache kwenye Excel. Ya siku ile yote ilianza na RKS: R ni mwaka 2023, K ni mwezi wa 11, S ni tarehe 28, maana baada ya 9 hesabu huendelea kwa A. Zilipoanza kuja za RKT tukagundua kosa jingine. Taarifa tuliikata saa sita usiku ya hapa, ilhali Ohio iko nyuma yetu saa nane. Jumanne yao ya jioni ilikuwa alfajiri yetu ya Jumatano. Tukapakua upya, ikaongezeka miamala 21.

Kupiga simu hatukuanza na waliotoa kikubwa. Nilisisitiza tuanze na waliorudi mwaka wa tatu mfululizo, hata kama ni mia mbili, kwa sababu hao ndio wasiohitaji kushawishiwa upya. Baada ya alasiri hadi karibu na magharibi, kila simu dakika nne hivi, simu tisa au kumi kwa saa. Bila kuomba chochote.

Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa Kisauni.

"Shikamoo mwalimu. Napiga kushukuru kwa mia tano yako."

"Marahaba mwanangu. Mwaka jana mliniandikia 'Mpendwa Mfadhili'. Mfadhili ndiye nani?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akauliza yule mtoto wa mwaka jana alipata ngapi hesabu. Sikujua. Nikamwomba siku mbili, nikapiga shuleni, nikamrudia na jibu: C. Akasema, "Basi mwambieni aongeze bidii kwenye aljebra," akakata simu.

Baada ya hapo tuliongeza safu moja kwenye jedwali: kila mchangiaji na jambo aliloliuliza. Namba ya akaunti nayo tukaibadilisha. Kila mtu kwenye orodha akapewa herufi na tarakimu zake, mfano Z27, ziandikwe ndani ya SMS yake mwenyewe.

Tuliposimamisha msako katikati ya Desemba, mistari 23 ilibaki bila mwenyewe. Mhasibu akaipaka njano. Februari akaja mzee mmoja wa mkokoteni, simu yake imepasuka kioo, akaufungua ujumbe taratibu kwa kidole gumba. RKS. Shilingi 200. Alitaka kujua mtoto ameripoti shule gani. Mhasibu akamvutia kiti, akafungua jedwali, akaondoa rangi kwenye mstari mmoja.