Dirisha la Upande wa Makaburini

Sijawahi kuzika mtu. Kwetu Unguja wanawake hatwendi makaburini siku ya maziko. Jeneza likishatoka mlangoni, sisi tunabaki ndani na mikeka na nyiradi zetu. Lakini maziko nimeyaona kuliko wanaume wengi, kwa kuwa dirisha la chumba nilichokuwa nikilala na bibi lilitazama makaburi ya kijiji, nje kidogo ya Mkokotoni. Hapakuwa na ukuta: mchaichai wetu, njia ya ng'ombe, kisha hao waliotangulia.

Wageni walikuwa wakituuliza kama hatuogopi. Tuogope nini? Taabu ya kukaa jirani na makaburi ni jembe. Kila aliyefiwa akapungukiwa na kitu alipiga hodi kwetu: jembe, chepeo, ndoo, karabai. Bibi aliazima bila ya kuuliza, ila ndoo yake moja ya bati aliificha uvunguni, maana ya kabla yake ilirudi na tundu.

Alifariki mwanzoni mwa 2010, katika ile miezi ambayo Unguja nzima ilikaa kiza baada ya umeme wa kutoka bara kukatika Disemba 2009. Pampu zilikuwa zimesimama, maji ya kumkoshea tukayateka kisimani. Angezikwa alasiri, lakini mwanawe mkubwa alikuwa njiani kutoka Pemba, na wazee wakaridhia kumngoja. Meli ikachelewa. Jeneza lilitoka baada ya isha.

Chumba kilijaa wanawake. Dada yake bibi, ambaye macho yalikuwa yameshamwacha, alikaa karibu na kitanda akiniita.

"Mjukuu wangu, nenda dirishani. Wamefika wapi?"

Mama akaniangalia, hakusema neno. Nikaenda.

Nilichokiona ni taa: karabai yetu wenyewe, vijana na tochi za simu, na gari moja iliyogeuzwa iwamulikie. "Wameshaliweka chini. Wanatandaza shuka juu ya kaburi."

"Nani kaingia?"

"Mjomba. Kavua kofia."

"Na wa pili?"

"Simjui, kaipa taa mgongo."

"Kichwa wamekielekeza wapi?"

Kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo makaburi yote yamelala mashariki na magharibi, na maiti hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki. Mtoto wa nyumba ile alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

"Mashariki, bibi. Upande wa muembe."

"Alhamdulillahi."

Zikapokewa mbao za kufunikia mwanandani, moja moja, nami nikawa nazitaja. Nyuma yangu kilio kilikuwa kimekatika. Nimewasikia watu wakisema wanawake hawapelekwi makaburini kwa sababu hawawezi kujizuia. Sibishani na mashekhe, lakini usiku ule niliona kinyume chake: kina mama waliokuwa wakilia tangu adhuhuri walinyamaza ili wasikie nisemalo, na mmoja akamkemea mwenzake aliyekohoa. Aliyelia ni mimi, tena nilipoona mtu anafukia kwa jembe la bibi, lile lenye mpini uliofungwa waya.

Talakini haikuhitaji mtangazaji. Bila ya umeme hapakuwa na redio wala televisheni nyumba yoyote, na sauti ya shekhe ilitufikia neno kwa neno. Dada yake bibi alikuwa akiitikia kwa midomo tu.

Waliporudi, mjomba alisimama mlangoni na miguu yake ya udongo, akakohoa, akaanza kutueleza kwa upole, kama wanaume wanavyofanya, kwamba kila kitu kimekwenda vizuri, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeingia kumpokea mama yake.

"Tunajua," akamkata mama yake mkubwa. "Na kofia ulivua. Nani yule aliyeingia nawe?"

Mjomba akamtaja.

"Haya. Kakoshe miguu uje ule, tangu Pemba hujatia kitu tumboni."